Nataka marafiki, nimepewa fomu ya chama cha udugu

Ndugu Mshauri,

Nimekuwa msomaji wa safu hii kwa muda mrefu na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja ningeiandikia. Nina umri wa miaka 53, nimeoa, na watoto wetu wawili wamekwisha kujitegemea na wanaishi mbali nasi. Miaka minne iliyopita nilihamishwa kikazi, na tangu wakati huo sijapata mtu hata mmoja ninayeweza kumwita rafiki bila kusita. Wapo wafanyakazi wenzangu tunaosalimiana na majirani tunaopungiana mikono, lakini mwaka jana nilipolazwa hospitalini kwa siku tisa, mtu pekee aliyekuja kunijulia hali, mbali na mke wangu, alikuwa mzee mmoja wa ofisini kwetu ambaye hata hatukuwa na mazoea.

Nilipopona nilimuuliza kwa nini alijisumbua. Alinijibu kwamba katika chama chao mtu akiugua hutembelewa, na kwamba desturi hiyo imemwingia kiasi kwamba huifanya hata kwa wasio wanachama. Ndipo nilipojua kuwa yumo katika chama cha udugu, ambacho sitakitaja jina, chenye matawi yaitwayo loji, majoho, kiapo na ishara za kutambuana. Amekwisha kunialika mara mbili kwenye chakula cha jioni ambacho wageni huruhusiwa. Niliona wanaume wa rika mbalimbali, wengi wao wakubwa kuliko mimi, wakitaniana kama watu waliokua pamoja. Niliona pia orodha ya wanafunzi wanaolipiwa masomo na hesabu ya miwani waliyowanunulia wazee. Mwezi uliopita alinipa fomu ya maombi, akaniambia nisiharakishe.

Yapo mambo matatu yanayonizuia. La kwanza ni mke wangu. Fomu inaeleza kwamba baadhi ya yanayofanyika katika loji hayasimuliwi nje. Aliisoma mpaka mwisho, akaiweka mezani, akaniuliza: "Ni kitu gani hicho utakachoweza kuwaambia watu usiowajua, ukashindwa kuniambia mimi?" Sikuwa na jibu. Hajanikataza, ila tangu siku hiyo fomu ikitajwa mazungumzo hukatika.

La pili ni imani yangu. Mimi ni Mkatoliki wa kawaida, na nimesikia mengi juu ya vyama vya namna hii, mengine ya kutisha na mengine ya kuchekesha. Mdogo wangu aliposikia habari hizi aliniuliza kwa utani kama sasa nitamnunulia gari.

La tatu linanitia aibu. Kusema kweli sivutwi sana na kazi zao za hisani, ingawa naziheshimu. Ninachokitamani ni kuwa mahali ambapo siku nisipofika mtu atauliza niko wapi. Je, si unafiki kuapa kwamba nitawahudumia wenye shida, huku moyoni natafuta wa kuzungumza naye tu?

Mgeni wa miaka minne

*

Ndugu yangu Mgeni,

Nitaanza na jambo lako la tatu, kwa kuwa umeliweka mwisho kwa aibu ilhali, kwa maoni yangu, ndilo lililokufanya uandike.

Mwaka 1905 katika mji wa Chicago alikuwapo mwanasheria aitwaye Paul Harris, aliyelelewa katika mji mdogo ambako watu walijuana, na ambaye mjini humo alikuwa na wateja wa kutosha bila kuwa na marafiki. Tarehe 23 Februari alikutana na wenzake watatu waliokuwa na shughuli zao wenyewe, wakakubaliana kukutana tena kwa zamu katika ofisi ya kila mmoja, na kutokana na zamu hizo kikundi chao kikapata jina la Rotary. Hakuna aliyekwenda pale usiku ule kwa ajili ya maskini. Walikwenda kwa sababu iliyokupeleka wewe kwenye chakula cha jioni. Kazi yao ya kwanza ya kuwafaa watu wote ilikuja miaka miwili baadaye, nayo ilikuwa kusaidia kupatikana kwa vyoo vya umma mjini, kazi ambayo sidhani kama kuna mtu aliyeiota alipokuwa akijiunga. Kutoka kwenye vyoo hivyo klabu hizo zikafika kwenye kampeni ya chanjo ya polio ulimwenguni kote, waliyoianzisha mwaka 1985. Sasa niambie, Harris alikuwa mnafiki?

Upo unafiki katika vyama hivi, ila haumo mahali unapoutafuta. Mtu anayejiunga ili apate zabuni, au ili ajulikane na wakubwa, huyo ndiye anayeapa jambo moja na kutaka jingine. Wewe unataka watu, na vyama hivi vyenyewe huutaja urafiki waziwazi miongoni mwa makusudi yao. Odd Fellows, ambao kwa upande wa Marekani huhesabu mwanzo wao tarehe 26 Aprili 1819 huko Baltimore chini ya Thomas Wildey, wana maneno matatu wanayoyaweka kwenye alama yao: urafiki, upendo na ukweli. Urafiki umetangulia. Wajibu wao wa zamani ni kuwatembelea wagonjwa, kuwasaidia walio katika dhiki, kuwazika wafu na kuwasomesha yatima, na kwetu sisi wenye msemo wa marafiki wa kufa na kuzikana hakuna haja ya kueleza kwamba mambo hayo manne ndiyo urafiki wenyewe ukiwa umeandikwa kama kanuni. Mzee aliyekuja kando ya kitanda chako hakuwa akifanya hisani siku hiyo na urafiki siku nyingine.

Hata hivyo, usijiunge ukitarajia kwamba kiapo kitakupa marafiki. Mtafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Kansas, Jeffrey Hall, alichapisha mwaka 2018 utafiti uliokadiria kwamba watu huhitaji kuwa pamoja saa 50 hivi ili watoke kwenye kufahamiana na kuingia katika urafiki mwepesi, saa 90 hivi ili wawe marafiki hasa, na zaidi ya saa 200 ili wawe wa karibu. Piga hesabu. Loji inayokutana mara mbili kwa mwezi, saa tatu kila mara, inakupa saa 72 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya saa hizo utakuwa umeketi kimya ukisikiliza kumbukumbu za kikao kilichopita zikisomwa. Kwa mwendo huo, saa 200 zitakuchukua karibu miaka mitatu, iwapo hutakosa hata kikao kimoja. Kinachofupisha safari hiyo ni kazi ya hisani ambayo umesema haikuvuti: kupakia magunia, kumpeleka mzee kwa daktari wa macho, kuosha vyombo baada ya chakula cha wageni, kusubiri pamoja mahali ambapo gari limeharibika. Watu wazima, na hasa wanaume, huona haya kukaa wakitazamana ili wawe marafiki, lakini wakipewa meza ya kuibeba pamoja huzungumza mpaka wamesahau meza ilikuwa ya kupelekwa wapi. Ndiyo maana nasema hoja yako ya tatu inajijibu yenyewe. Ukiikimbia kazi ya hisani, hata urafiki hutaupata.

Kwa hiyo, kabla ya kujaza fomu, mwombe mzee huyo akuchukue kwenye kazi, na si kwenye chakula cha jioni kingine. Chakula cha wageni huandaliwa kwa ajili ya macho ya wageni. Siku ya kazi utaona nani anakuja kwa wakati, nani anapiga picha na kuondoka, na kama yule aliyejiunga mwaka jana anaitwa kwa jina lake. Muulize pia habari za mwanachama aliyeacha: aliacha kwa nini, na je, bado wanamtembelea? Swali hilo moja litakueleza zaidi ya kijitabu chochote cha utambulisho.

Sasa nije kwa mkeo, ambaye ameuliza swali zuri kuliko yote yaliyomo katika barua yako, nami sitakusaidia kulikwepa.

Siri za vyama hivi zina historia ambayo si ya kutisha. Zamani, kabla ya vitambulisho vyenye picha, fundi aliyesafiri kutafuta kazi angeweza kufika katika mji asikojulikana na kuomba msaada wa chama chake, na wenyeji walihitaji njia ya kumtofautisha na mlaghai. Neno la siri na namna ya kupeana mkono vilifanya kazi ambayo leo hufanywa na kadi. Ishara hizo zimebaki kama desturi, pamoja na maigizo ya mafunzo ambayo mwanachama mpya hupitishwa, na wengi huyaficha kwa sababu ile ile inayomfanya msimulizi asitoboe mwisho wa hadithi. Nyingi za siri hizo zimekwisha kuchapishwa vitabuni tangu karne ya 18, na mtu yeyote mwenye subira anaweza kuzisoma. Kwa maana hiyo kuna tofauti kati ya chama kilichojificha na chama chenye mambo yake ya ndani. Chama kilichojificha hukana kuwa kipo. Chama cha aina ya pili kina jengo lenye kibao, viongozi wanaojulikana na katiba unayoweza kuiomba.

Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayamjibu mkeo. Yeye hakuuliza juu ya karne ya 18. Ameuliza kama kutakuwa na chumba katika maisha yako ambacho mlango wake umefungwa kwa ajili yake yeye peke yake. Hapo inakupasa umwulize mzee wako, ikiwezekana mkeo akiwapo, ni mambo gani hasa yasiyosimuliwa. Akijibu kwamba ni ishara, maneno na maigizo ya kuingizwa, mkeo ataamua mwenyewe kama anaweza kuyavumilia, na nadhani wengi huweza. Mambo mengine yote sharti yawe wazi kwake tangu mwanzo: siku za vikao na saa ya kurudi, kiasi cha fedha, majina ya viongozi, kazi mnazofanya, na maneno ya kiapo kwa jumla. Katika vyama vya Freemason, kwa mfano, ni desturi mwombaji aambiwe kabla ya kuapa kwamba hakuna ndani ya kiapo kinachopingana na wajibu wake kwa dini yake, jamaa yake au sheria za nchi. Chama ambacho hakiko tayari kukupa uhakika wa namna hiyo kabla ya kuapa hakistahili kiapo chako, hata kama mzee wako ni malaika.

Niongeze jambo dogo. Chama ulichokieleza kinaonekana kuwa cha wanaume. Si vyote vilivyo hivyo: Odd Fellows waliweka daraja la uanachama liitwalo Rebekah kwa ajili ya wanawake mwaka 1851, klabu za Lions ziliwafungulia mlango mwaka 1987, na Rotary miaka miwili baadaye. Mkeo naye amehama miaka minne iliyopita. Katika barua yako yote hukusema kama yeye ana rafiki.

Kuhusu imani sitazunguka, kwa sababu kwako wewe Mkatoliki jibu linategemea jina la chama ulilonificha. Kama ni Freemason, Kanisa lako limekataza tangu Papa Klementi wa 12 mwaka 1738, na tamko la Novemba 1983 kutoka Roma lilieleza kwamba katazo hilo linaendelea na kwamba Mkatoliki anayejiunga yumo katika dhambi nzito na hawezi kupokea Komunyo; msimamo huo ulirudiwa mwaka 2023. Unaweza kukutana na wanachama wema watakaokuambia kwamba wao hawana ugomvi na dini yoyote, na kwamba loji nyingi hudai mtu aamini Mungu na hukataza mijadala ya dini na siasa ndani ya vikao. Watakuwa wanasema kweli, lakini wao sio wanaoamua nani apokee Komunyo. Kama ni chama kingine, mpelekee paroko wako jina kamili na katiba, umuulize kabla ya kuapa. Kuuliza baada ya kuapa ni kuomba radhi tu.

Tena huna sababu ya kudhani kwamba njia ni hiyo moja. Padre Michael McGivney alianzisha Knights of Columbus mwaka 1882 huko New Haven kwa ajili ya wanaume Wakatoliki, na mojawapo ya makusudi yake ya kwanza ilikuwa kuwalinda wajane na yatima wa wanachama wasibaki mikono mitupu. Upo pia utume wa Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, ulioanzishwa Paris mwaka 1833 na Frédéric Ozanam na wanafunzi wenzake, usio na majoho wala ishara, ambao kazi yake kuu ni kuwatembelea wenye shida nyumbani kwao, kwa desturi wawili wawili. Kwa mtu anayetafuta saa 200 za kuwa na mwenzake, kutembea wawili wawili si jambo la kupuuzwa, na mkeo anakaribishwa humo kama wewe.

Utani wa mdogo wako juu ya gari naomba usiupuuze kabisa, ingawa alicheka. Wapo matapeli wanaotumia jina la Freemason kutuma ujumbe kwa watu wasiowajua, wakiahidi utajiri kwa atakayelipa ada ya usajili. Loji halisi hazifanyi hivyo. Kwa mapokeo yao mtu ndiye anayeomba, na anaombwa afikiri. Kujiunga na chama cha udugu hakumtajirishi mtu. Humgharimu.

Gharama hizo uzijue zote. Kuna kiingilio, kuna ada ya mwaka, kuna mavazi, kuna chakula cha kila kikao, na kuna bakuli la hisani linalopitishwa ambalo ni la hiari kwa maneno lakini si rahisi kulipitisha tupu mbele ya wenzako. Jumlisha yote kwa mwaka mzima na uulize hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliopita: kiasi gani kiliingia, kiasi gani kilitumika kwa majengo na sherehe, na kiasi gani kiliwafikia wale wanafunzi na wazee wa miwani. Ukiahidiwa fedha za ugonjwa au za mazishi, uliza zinatoka wapi, kwa kuwa katika karne ya 19 vyama vingi vya kusaidiana vilivunjika kwa kuwatoza vijana na wazee mchango ule ule, mpaka wazee wakawa wengi na sanduku likawa tupu. Chama chenye wanachama "wengi wao wakubwa kuliko mimi" kina haki ya kuulizwa swali hilo.

Ukijaza fomu, ombi lako litapigiwa kura. Zamani zilitumika gololi nyeupe na nyeusi ndani ya sanduku, na mahali pengine zinatumika hata sasa. Gololi nyeusi moja au chache zilitosha kumkataa mtu bila maelezo. Ukikataliwa utaumia, na hutaambiwa sababu. Mzee wako atabaki kuwa mtu aliyekuja hospitalini. Huyo tayari unaye, na naona ajabu kidogo kwamba katika barua yako umemwita mwenzako wa ofisini na mwanachama wa chama fulani, lakini rafiki hujamwita.

Fanya hivi. Mwalike nyumbani kwako pamoja na mkewe, kama anaye, fomu ikiwa mezani pale pale alipoiweka mkeo. Mkeo na aulize yote anayotaka kuyauliza, kuanzia siri mpaka fedha, nawe usimsaidie wala usimkatize. Mzee akijibu kwa utulivu, na paroko wako asipokuwa na pingamizi, nenda kwenye siku ya kazi ninayoisema, kisha uamue. Lakini akiona kwamba swali la mkeo kuhusu fedha ni utovu wa adabu, mrudishie fomu jioni hiyo hiyo, mmalizie chai yenu, na umwalike tena.

Mshauri